Taratibu ya Mzee Senkondo

"Taratibu humtuliza mtu, maji hayana masikio."

Navoneiwa na kaka yake Eliamini waliisikia methali hiyo kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Watu walikuwa wamepandisha sauti, mwenyekiti akawa anawasihi watulie, mambo yatakwenda taratibu. Ndipo mzee mmoja aliyekaa nyuma aliposimama, akasema maneno hayo tu, akaketi. Ukumbi mzima ukanyamaza. Vijana wale walipofika nyumbani walimkuta bibi yao, Bibi Namweta, akichambua maharage barazani, wakamwuliza maneno yale yametoka wapi, na kwa nini watu walinyamaza vile. Wao walijua taratibu ni polepole, basi.

Bibi aliuweka ungo chini.

"Polepole ni ya miguu," alisema. "Taratibu ni ya miguu na ya moyo. Aliyebeba mtungi kichwani huambiwa taratibu, asije akauvunja. Lakini mtoto anayelia kwa kwikwi naye huambiwa taratibu, na hapo hakuna anayemtaka apunguze mwendo. Hapo neno limekuwa kama mkono uliowekwa begani. Kaeni. Methali hiyo ilizaliwa Ivumbo, na iligharimu watu kumi na mmoja."

Naye akasimulia hivi.

Zamani, kabla barabara ya magari haijaipanda milima ya Upare, kulikuwa na kijiji kiitwacho Ivumbo, kwenye mteremko. Juu ya kijiji kulikuwa na ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya mifereji, lililozuiwa kwa ukuta mnene wa udongo na mawe. Jioni ndiva hufungwa, maji yakajaa usiku kucha. Asubuhi kizibo cha chini hutolewa, maji yakateremka mashambani, kila ukoo kwa zamu yake. Ukuta ule ulijengwa na mababu. Hakuna aliyekuwa hai ambaye aliwahi kuuona mteremko ule bila ukuta.

Msimamizi wa ndiva alikuwa Mzee Senkondo, mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ambayo watu waliisimulia hata vijiji vya mbali. Hakuwa mwimbaji, na hakuwa msemaji wa vikao. Alikuwa na neno moja tu, na namna yake ya kulisema. Alilisema mara mbili, na mara ya pili kwa sauti ya chini kuliko ya kwanza. "Taratibu, mwanangu. Taratibu." Ndugu wawili waliwahi kuinuliana majembe kwa sababu ya zamu ya maji, akaingia katikati yao mikono mitupu, akalisema neno lake, na majembe yakashuka. Mwanamke aliyeumwa na nyoka alipiga mayowe hadi mganga akashindwa kumshika mguu. Senkondo akakaa kichwani pake, akalisema, mwanamke akatulia na mguu ukafungwa. Hata fahali mkali wa mwanakijiji aitwaye Kajiru alisimama kwa sauti ile. Watu walimpenda, na walikuwa na haki ya kumpenda.

Nakijwa alikuwa mkwe wake. Mumewe, Mrutu mwana wa Senkondo, alikuwa ameteremka bondeni kukata mkonge kwa mkataba wa miezi sita. Mama huyo alibaki na binti yao mmoja, Nakiete, wa miaka saba, aliyekuwa ameng'oka meno mawili ya mbele na kwa hiyo alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Nyumba yao ilikuwa jirani na ya wakwe, chini ya ndiva, mahali penye migomba mizuri kuliko pote kijijini.

Mwaka huo mvua ilikuja baada ya misimu miwili ya ukame. Ilinyesha siku tisa. Ndiva ilijaa hadi mdomoni, na watu waliokuwa wamekula mizizi mwaka uliopita walipanda kuitazama tu, kama watu wanaokwenda kumtazama mtoto mchanga. Maji yale yalikuwa maharage ya kiangazi. Yalikuwa uhai wao.

Siku ya saba ya mvua, Nakijwa alikuwa akikata majani ya ng'ombe chini ya ukuta alipoona mahali palipolowa, upana wa ungo. Maji yaliyotoka hapo yalikuwa meupe. Hakushtuka, maana kuta zote za ndiva hutoa jasho. Siku ya tisa alirudi. Pale mahali palikuwa na upana wa mkeka, na maji yalikuwa mekundu. Alichovya vidole, akavisugua. Vilikuwa na mchanga.

Baba yake mzazi alikuwa fundi wa kujenga ndiva, na Nakijwa alikua akimbebea udongo. Neno moja la baba huyo halikuwahi kumtoka kichwani: maji meupe yanapita, maji mekundu yanabeba. Maana yake ni kwamba ukuta ulikuwa unaliwa kwa ndani. Alilitupa tita la majani, akateremka mbio.

Alimkuta mkwewe akichonga mpini wa jembe. Alisimama kando, macho chini, kama inavyompasa mkamwana.

"Baba, ukuta unatoa maji mekundu."

"Wapi, mwanangu?"

"Upande wa mkuyu. Yana mchanga."

Mzee alisimama mara moja. Hakumpuuza, hilo lazima lisemwe. Walipanda pamoja kwenye manyunyu, naye akapatazama mahali pale kwa muda mrefu, akauwekea ukuta kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa. Kisha akachukua udongo wa mfinyanzi na majani, akashindilia. Maji yakapungua, yakawa uzi mwembamba.

"Umeona?" alisema. "Umetulia."

Nakijwa hakuona kutulia. Aliona tundu lililozibwa mdomo.

"Baba, tutoe kizibo. Maji yapungue."

"Na kiangazi watu wale nini? Mwaka jana tumezika watoto wangapi kwa njaa?"

"Basi wa huku chini wahame, hata siku tatu tu."

Lilikuwa neno kubwa kusemwa na mkamwana kwa mkwewe, na mwenyewe alilisikia ukubwa wake lilipokwisha kutoka. Mzee hakukasirika. Alimtazama kwa huruma.

"Taratibu, mwanangu," alisema. "Taratibu."

Lakini habari ya maji mekundu haikukaa. Kabla ya saa sita watu walikuwa njiani na mizigo, wengine wamefungua mbuzi, wengine wamewabeba wagonjwa mgongoni, kila mtu akimwuliza mwenzake ni kweli au si kweli. Mzee Senkondo akasimama kwenye jiwe la njia panda. Hakupaza sauti, na kwa kuwa hakupaza, ilibidi watu wanyamaze wamsikie. Aliwaambia ameuona ukuta kwa macho yake na ameuziba kwa mikono yake. Aliwaambia mababu hawakujenga kitu cha kuanguka kwa mvua ya siku tisa. Akawaambia hofu ni moto, mtu mmoja huibeba ikaunguza nyumba zote. Kisha akalisema neno lake, mara ya kwanza, na mara ya pili chini zaidi.

Pumzi za watu zikashuka. Kajiru alikuwa tayari na mbuzi wake kumi na wawili njiani. Aliwageuza, akawarudisha zizini.

Nakijwa hakuwa njia panda. Alikuwa nyumbani, amejaza kikapu: chungu, ngozi ya kulalia, unga. Nakiete alisimama mlangoni amejifunika gunia kichwani, anafurahia safari. Mzee akaja, akasimama nje, kwa maana mkwe haingii.

"Mama Nakiete," alisema, "ukiondoka wewe, uliye wa nyumba yangu, kesho nani ataniamini? Wataondoka wote, watalala kwenye baridi, wazee watakufa kwa vifua. Tua kikapu, mwanangu. Taratibu. Mimi nipo."

Naye akatua kikapu. Na jambo alilolikumbuka hadi siku ya kufa kwake halikuwa kwamba alilazimishwa, kwa sababu hakulazimishwa. Alikumbuka kwamba alipata nafuu. Moyo uliokuwa ukimpiga tangu asubuhi ulishuka ukakaa mahali pake. Alikuwa amegusa mchanga ule kwa vidole vyake, alijua unachosema, na bado alipata nafuu. Akatoa chungu kikapuni, akabandika uji.

Kesho yake jua lilitoka. Majani yalimetameta, watu wakaanika nguo na mahindi, wakacheka hofu yao ya jana. Mmoja aliigiza jinsi Kajiru alivyowakimbiza mbuzi. Alasiri Nakijwa alipanda shamba la juu kupalilia, akamwacha Nakiete kwa bibi yake, mke wa Senkondo, wakichambua mbegu uani.

Hakusikia kishindo. Alisikia kitu kama nguo nzito inayochanwa, ikichanwa bila kuisha. Alipogeuka aliona tumbo la ukuta limefunguka upande wa mkuyu, na maji yanatoka yamesimama, mekundu, yamebeba mawe. Mkuyu uliondoka wima, kama mtu anayetembea. Kisha migomba. Kisha mapaa ya nyumba. Palizuka kelele kubwa, halafu pakawa kimya kibaya ambamo alisikia jembe lake likianguka.

Hajui alivyoteremka. Nyumba saba hazikuwepo. Mama mkwe alikuwa ameegemea kisiki, macho wazi, amekwisha. Mbele kidogo watu watano walikuwa wakifukua kwa mikono, na kutoka katikati yao kilitoka kilio cha mtoto.

Nakiete alikuwa hai. Tope lilimfika kifuani, na chini ya tope nguzo ya nyumba ilimkalia miguu, na juu ya nguzo jiwe ambalo wanaume watatu hawakulitikisa. Mabaki ya nyumba yalikuwa yameziba njia, na maji yaliyobaki ndivani yaliendelea kuteremka na kujaa shimoni pale kidogo kidogo. Wanaume wawili walichimba njia ya kuyatoa. Wengine walisukuma jiwe kwa mti, mti ukavunjika, wakaleta mwingine. Mtoto alipiga mayowe kila waliposukuma.

Mzee Senkondo alikuwa amepiga magoti topeni, amekishika kichwa cha mjukuu wake kwa mikono miwili. Alikuwa akisema naye.

"Taratibu, mjukuu wangu. Taratibu. Nitazame mimi, usitazame huko. Yule ndama mweupe tumwite nani? Umempa jina? Bado? Basi fikiria. Baba yako yuko njiani, ameshapita mto, amebeba kitenge chako begani. Cha rangi gani? Utaniambia mwenyewe akifika. Taratibu."

Mayowe yalipungua yakawa kilio, kilio kikawa pumzi. Nakijwa alifika hapo pumzi zikianza kutulia.

Alimwona mkwewe, na maneno yote ya maisha yake ya heshima yakamwondoka. Yalibaki matatu tu, yakamjaa kooni: uliniambia nitue kikapu. Alifungua mdomo ayaseme.

"Mama," alisema Nakiete, "babu anasema baba ameshapita mto."

Mzee aliinua uso akamwona mkwewe, na sauti ile ikakatika. Hakuna aliyewahi kuisikia ikikatika. Na mtoto, kimya kilipomfikia, akaanza kutetemeka, macho yakamtoka, mikono ikapapasa matope.

"Babu? Babu, mbona umenyamaza?"

Nakijwa akapiga magoti upande wa pili. Alimeza alichokuwa nacho kooni, na watu waliokuwepo walisema walimwona akikimeza, kama mtu anayemeza jiwe. Akamshika mwanawe mkono.

"Endelea, baba," alimwambia mkwewe.

"Mwanangu, mimi..."

"Endelea. Anakusikiliza."

Mzee akaendelea. Akauliza tena jina la ndama, na safari hii Nakiete akampa jina, ingawa walio karibu hawakulipata vizuri, na mama yake hakuwahi kulitaja kwa mtu. Wanaume waliendelea na jiwe. Walilisogeza hatimaye, jua likiwa bado juu ya mlima, lakini mtoto alikuwa ameondoka kabla, maji hayajamfika kidevuni, mkono wake mmoja kwa mama yake, amelala kama aliyebembelezwa. Na kweli alibembelezwa. Mzee hakujua mara moja. Alikuwa bado anamwambia habari za baba yake.

Walizika watu kumi na mmoja. Mrutu alirudi kutoka bondeni siku ya tano, akapita nyumba ya baba yake bila kusalimia, akaenda moja kwa moja kaburini.

Siku saba baada ya maziko, mtawala wa eneo lile alikuja na wazee wake, watu wakakusanyika juu ya mteremko mtupu. Senkondo akaitwa mbele, akaulizwa kwa nini aliona maji mekundu na hakuwahamisha watu.

Alipageukia mahali palipokuwa na ukuta.

"Niliogopa njaa," alisema. "Na nilikuwa nimezoea. Maisha yangu yote nimesema na kitu kikatulia. Siku ile nilisema na watu. Nilipowaona wametulia, nilidhani na ukuta umetulia."

Watu walilia. Kajiru, aliyewarudisha mbuzi zizini na kumpoteza mkewe pamoja nao, alisimama akinyoosha kidole.

"Sauti hiyo ndiyo iliyotuua! Tusingeisikia tungekuwa hai wote. Neno hilo lilaaniwe, lisitamkwe tena Ivumbo. Na huyu akilitamka, afukuzwe!"

Wengi walisema ndiyo. Wazee wakaanza kutazamana. Ndipo Nakijwa aliposimama kutoka upande wa wanawake. Mtawala alimpa ruhusa, maana wote walijua ni nani.

"Msililaani," alisema. "Mimi ndiye niliyegusa mchanga, na mimi ndiye niliyetua kikapu. Nina haki ya kulichukia kuliko ninyi nyote. Lakini nilikuwepo lilipomfikia mwanangu. Jiwe hatukuweza kuliondoa, maji hatukuweza kuyazuia, hatukuwa na kitu kingine cha kumpa. Neno lile lilimfaa. Kosa ni kwamba tulilipeleka kusikokuwa na wa kulisikia."

Akamgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe alimtazama machoni.

"Baba, taratibu humtuliza mtu. Maji hayana masikio."

Akaketi. Wazee hawakulilaani neno lile, wala hawakumfukuza Senkondo.

Ukuta ulijengwa upya, miaka miwili ikaishia humo, na njaa waliyoiogopa ilikuja vilevile. Waliweka mlinzi chini ya ukuta na baragumu la pembe. Amri ilikuwa moja: akiona maji mekundu, alipige na kutoa kizibo bila kumwuliza mtu yeyote, na kutuliza watu kufanyike wakiwa wameshafika juu. Baragumu lilipigwa mara mbili katika uhai wa Nakijwa. Mara moja ilikuwa bure, wakapoteza maji ya msimu. Mara ya pili ukuta ulivunjika, ukachukua migomba na zizi moja tupu. Walipokuwa wakipanda na mizigo yao walisikika wakiambiana maneno ya Nakijwa, na hivyo ndivyo yalivyohama Ivumbo yakatufikia sisi.

Senkondo hakushika tena kazi ya ndiva. Kwa mwaka mzima hakusema taratibu hata kwa mbuzi. Watoto waliokuwa wadogo wakati huo walimjua kama mzee asiyeongea. Mrutu alimpelekea chakula kila siku, akakiweka mlangoni, akaondoka.

Kisha Nakijwa akashikwa na uchungu wa mimba ya pili, mchana wa kazi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Wakunga walihangaika naye tangu asubuhi. Kila walipomshika alirudi kule topeni, akajikaza mwili wote, akapiga kelele za jina la Nakiete, na mtoto hakuweza kugeuzwa. Mkunga mkuu alitoka nje akamwambia Mrutu ajiandae.

Nakijwa alimwita mkunga kwa ishara ya mkono.

"Mwiteni baba," alisema. "Asimame nje ya ukuta, aseme."

Mrutu mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita. Mzee alikuja, akaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa udongo wa nyumba. Halafu wakaisikia sauti yake, imechakaa, imekwaruza, lakini ni ileile, mara ya kwanza, na mara ya pili chini zaidi. Ndani, mwili wa Nakijwa ukalegea. Mkunga akaingiza mkono, akamgeuza mtoto.

Alikuwa wa kiume. Aliishi.

Bibi Namweta alimaliza hapo. Kisha akauvuta ungo wake.

"Sasa mnajua kwa nini mkutano ulinyamaza," alisema. "Atakayekutuliza, mshukuru, kisha umwulize: na kile ninachokiogopa, nacho umekituliza? Maana taratibu humtuliza mtu, wajukuu zangu. Maji hayana masikio."